Maswali na Majibu: Kipokezi cha Binadamu Ndani ya Kichupa

Katika toleo lililopita tulieleza jinsi chembe nyekundu za damu zilizovamiwa na kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, zinavyonata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu ili zisipelekwe kwenye wengu na kuharibiwa. Tulitaja kipokezi kimoja kinachohusika, EPCR, ambacho ni kipokezi cha protini C (protini ya damu inayozuia damu isigande na kulinda mishipa) kilichoko kwenye seli za utando wa ndani wa mishipa; uhusiano wake na malaria kali ulitangazwa mwaka 2013. Tulitarajia barua kuhusu ugonjwa wenyewe. Badala yake, nyingi ziliuliza habari za kichupa kidogo chenye unga mweupe ambacho maabara hununua ili kufanyia utafiti huo. Tumechagua chache na kuyaacha majina ya waandishi.

SWALI: Kwako Mshauri, pokea salamu kutoka Maseno. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza na niko kwenye mafunzo ya vitendo katika maabara moja mjini Kisumu. Kwenye friza kuna kichupa kilichoandikwa kwamba kina protini rikombinanti ya kipokezi cha binadamu, mikrogramu 50. Wenzangu wawili wanabishana. Mmoja anashikilia kwamba imetolewa kwenye damu ya watu, mwingine anasema imetoka kwa panya. Nani mkweli? Na kama ni ya binadamu, je, aliyeitoa hakupaswa kuombwa ridhaa?

JIBU: Hakuna aliyekamuliwa damu. Kilicho cha binadamu katika kichupa hicho ni mfuatano wa asidi amino peke yake. Mtengenezaji huchukua mfuatano wa jeni, ambayo kwa EPCR huitwa PROCR na iko kwenye kromosomu ya 20, na siku hizi mara nyingi huiunda upya kikemikali kutokana na mfuatano uliohifadhiwa kwenye hazina za data. Kisha huipachika kwenye plasmidi, yaani kipande cha DNA cha mviringo, na kuiingiza katika seli zinazokuzwa ndani ya matangi. Seli hizo huyasoma maagizo hayo na kutengeneza protini ambayo hazikuwa na haja nayo, nayo hukusanywa kutoka kwenye majimaji yanayozizunguka na kusafishwa.

Hata hivyo, wenzako hawakubahatisha tu. Seli zinazotumika sana ziitwazo CHO zilitokana na ovari ya hamsta wa Kichina, mnyama wa jamii ya panya, katika maabara ya Theodore Puck huko Marekani mwaka 1957. Nyingine, NS0, ni za panya hasa. Kuna pia HEK293, zilizotokana na figo ya kijusi cha binadamu mjini Leiden, Uholanzi, mwaka 1973. Namba 293 ni ya jaribio lililofanikiwa la Frank Graham, aliyeziunda seli hizo. Swali lako la ridhaa linaangukia hapa. Wapo waumini, na hata watafiti, wasiopenda kutumia kitu kilichopitia HEK293 kwa sababu ya asili yake, na mwenye dhamiri hiyo ana haki ya kuuliza kabla ya agizo kutumwa. Karatasi inayofuatana na kichupa hutaja seli zilizotumika, na kwa vipokezi vingi inawezekana kuagiza ile iliyotengenezwa ndani ya CHO.

Mbinu yenyewe si ngeni katika maisha ya watu wa magharibi mwa Kenya. Insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria iliidhinishwa Marekani mwaka 1982, ikafuatwa na chanjo ya homa ya ini aina ya B iliyotengenezwa ndani ya hamira. Mama aliyempeleka mtoto kliniki katika Kaunti ya Homa Bay kupata chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyozinduliwa huko Septemba 2019, alikutana na jambo lilelile: kipande cha protini ya kimelea kimeunganishwa na protini ya kirusi cha homa ya ini, na hamira ndiyo iliyotengeneza mchanganyiko huo.

Lipo jambo moja ambalo hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko ubishi wa wenzako. Kichupa hicho hakina kipokezi kizima. EPCR hutengenezwa ikiwa na asidi amino 238. Zile 17 za mwanzo ni alama ya kuielekeza njia, nazo hukatwa. Inafuata sehemu ndefu inayokaa nje ya seli, kisha kipande kinachopenya utando wa seli, na mwisho kabisa mkia wa asidi amino 3 tu ulio ndani. Kipande kinachopenya utando hupenda mafuta na hukimbia maji. Kikiachwa, protini itagandamana katika bafa, yaani majimaji ya maabara yanayodumisha kiwango cha asidi. Kwa hiyo watengenezaji hukata na kubakiza sehemu ya nje, kwa kawaida kuanzia asidi amino ya 18 hadi ya 210, na mwishoni huongeza mkia wa histidini (aina moja ya asidi amino) 6 au zaidi ili iwe rahisi kusafisha. Mkia huo haumo mwilini mwa mtu yeyote. Ulicho nacho ni kama kitasa kilichong'olewa mlangoni: ufunguo bado utaingia na kuzunguka, lakini hakuna mlango utakaofunguka. Unaweza kupima kinachonata na kwa nguvu gani. Ukitaka kujua seli hufanya nini baada ya kunatwa, itakubidi ukuze seli zenyewe.

SWALI: Mshauri, mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Kisumu. Tulipokea EPCR yenye mkia wa histidini. Karatasi inasema uzito uliokokotolewa ni takriban kilodaltoni 22. Nilipoipitisha kwenye jeli, ambayo hutenganisha protini kwa ukubwa, niliona bendi pana, yenye ukungu, kati ya 35 na 45. Msimamizi wangu anaamini tumeuziwa bandia na anataka niandike barua ya kuirudisha. Naomba ushauri kabla sijaandika.

JIBU: Usiandike bado. Hiyo bendi pana ni habari njema kuliko ambavyo ingekuwa bendi nyembamba kwenye 22.

Uzito uliokokotolewa hujumlisha asidi amino peke yake. Seli za wanyama huvisha protini nyingi minyororo ya sukari, na EPCR ina sehemu nne zinazoweza kuvishwa. Sukari huongeza uzito na kuichelewesha protini kwenye jeli, na kwa kuwa si kila molekuli hupata minyororo ya urefu uleule, bendi hutawanyika badala ya kusimama kama mstari. Bakteria aina ya E. koli hawavishi sukari kwa namna hiyo. Protini iliyotengenezwa humo ndiyo ingekaa karibu na 22. Angalia karatasi ileile mistari michache chini ya pale uliposoma. Mara nyingi watengenezaji huandika uzito wa aina mbili, ule uliokokotolewa na ule unaoonekana kwenye jeli, na wengi wetu huishia kwenye ule wa kwanza.

Ikiwa msimamizi bado ana shaka, kipo kipimo cha nusu siku. Chukua mikrogramu moja au mbili, ichemshe katika bafa yenye sabuni ya SDS ili ikunjuke, punguza makali ya SDS kwa kuongeza sabuni laini, kisha weka kimeng'enya cha PNGase F, ambacho hukata minyororo ya sukari iliyoshikizwa kwenye asparajini, mojawapo ya asidi amino. Pitisha kwenye jeli ile iliyokatwa kando ya ile isiyokatwa. Bendi ikishuka hadi maeneo ya 22 na kuwa nyembamba, mjadala umekwisha. Usishangae kuona bendi nyingine ndogo karibu na 36, kwani hiyo ni PNGase F yenyewe.

Hata hivyo, nisingependa uridhike na jeli. Jeli huonyesha ukubwa na usafi. Haionyeshi kama protini imejikunja ipasavyo. Nimeona protini safi kwa asilimia 95 na zaidi ambazo hazikunata kwenye chochote. EPCR ina umbo linalofanana na la protini za CD1, na ndani ya kijifuko chake hukaa molekuli ya mafuta ya fosfolipidi. Mafuta hayo yakiondolewa, uwezo wa kushika protini C hupotea, na jeli haitakuambia lolote kuhusu hilo. Cheti cha uchambuzi chenye namba ya bechi yako ndicho cha kusomwa, na humo tafuta sehemu inayoeleza kazi ya kibiolojia: ilipimwa kwa kunata kwenye nini, kwa mkusanyiko upi. Kama sehemu hiyo haipo, waandikie kuiomba. Barua hiyo ndiyo ningeiandika kwanza.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Kwa kibali cha kamati ya maadili natumia plasma ya watoto wa Siaya na Kisumu kuchunguza iwapo kingamwili zao zinazuia kipande cha protini ya kimelea, PfEMP1, kisinate kwenye EPCR. Nilinunua EPCR iliyounganishwa na Fc, nikaipaka kwenye sahani ya visima 96, nikaweka kipande cha kimelea pamoja na plasma, na mwishoni kingamwili ya pili inayotambua IgG ya binadamu, yaani aina kuu ya kingamwili zilizomo katika damu. Visima vyote viligeuka njano kukolea, hata vile visivyo na plasma. Nimebadilisha bafa ya kuoshea na kuongeza muda wa kuosha bila mafanikio. Kisha nilijaribu kidhibiti chanya, yaani kipimo ambacho lazima kifanikiwe, kwa kuweka protini C safi badala ya kimelea, na hapo hakuna kilichonata kabisa. Muda wa ufadhili unakwisha. Kosa liko wapi?

JIBU: Yako matatu, na hakuna hata moja linaloondolewa kwa kuosha.

La kwanza ni Fc. Hilo ni shina la kingamwili ya IgG, na katika bidhaa nyingi za aina hiyo ni IgG ya binadamu. Kingamwili yako ya pili ilitengenezwa ili ishike IgG ya binadamu. Umeipaka shabaha yake chini ya kila kisima, kisha ukaimimina juu yake. Ingekuwa ajabu kama visima visingegeuka njano. Tatizo hili huwapata watu wengi wanaofanya kazi na plasma za watu, kwa sababu protini zenye Fc husifiwa, na kwa haki, kuwa ni imara na rahisi kusafisha. Lakini sifa hiyo imetolewa na watu ambao pengine hawapimi kingamwili za binadamu. Kwa kazi yako nunua yenye mkia wa histidini au ile iliyokwisha kuunganishwa na bayotini, molekuli ndogo inayoshikwa kwa nguvu na protini iitwayo streptavidini. Lipo pia jambo la hesabu: Fc huwaleta vipokezi wawili pamoja, na wawili waliofungwa pamoja huonekana kunata kwa nguvu kuliko mmoja. Siku utakapotaka kuandika nguvu halisi ya kushikana, takwimu za Fc zitakupotosha.

Kabla hujalipia, tazama mkia wa kipande chako cha kimelea. Kama nacho kina histidini, na umepanga kukitambua kwa kingamwili dhidi ya histidini, utarudi palepale, kwa kuwa kingamwili hiyo itaiona EPCR pia. Kimoja kiwe na mkia tofauti. Mpango ambao mimi ningeufuata ni huu: sahani iliyopakwa streptavidini, juu yake EPCR yenye bayotini, kisha kipande cha kimelea chenye mkia wake wa pekee, na kingamwili ya mwisho itambue mkia huo wa kimelea. Swali lako ni iwapo kimelea kimezuiwa. Basi pima kimelea kilichonata, si IgG iliyopo. Faida nyingine ni kwamba EPCR iliyoshikwa kwa bayotini haigandamizwi moja kwa moja kwenye plastiki, jambo ambalo hukunjua protini nyingine au kulalia upande ule hasa unaonata.

La pili ni kidhibiti chako chanya. Protini C hushika EPCR kwa kutumia sehemu yake iitwayo Gla, na sehemu hiyo haikai katika umbo lake bila kalsiamu. Sikuambiwa bafa uliyotumia, ila kama ni PBS, yaani bafa ya chumvi na fosfeti, kama ilivyo kwenye maabara nyingi, basi hapakuwa na kalsiamu ya kutosha, na ukiiongeza humo fosfeti itaivuta ikae chini kama chokaa. Tumia bafa ya Tris au HEPES yenye chumvi, pamoja na kalsiamu ya milimoli 2 hadi 5 kwa lita na magnesiamu kidogo, na uitumie pia katika kuosha. Wengi huweka kalsiamu kwenye hatua ya kushikanisha kisha wakaosha kwa bafa isiyo nayo, wakaiondoa protini C waliyokwisha kuishika.

La tatu limejificha ndani ya sampuli. Kama damu ya watoto ilikusanywa katika vichupa vyenye kifuniko cha zambarau, humo mna EDTA, ambayo hunyakua kalsiamu. Ukiongeza kalsiamu ya kuishinda EDTA, plasma iliyoachwa hivyo inaweza kuanza kuganda ndani ya kisima. Zaidi ya hayo, plasma ya kila mtu ina protini C yake, takriban mikrogramu 4 kwa mililita, na ina EPCR iliyokatika kutoka kwenye mishipa na kuelea katika damu. Kipande cha kimelea kinachonata kwenye EPCR, yaani CIDRα1, hukaa karibu mahali palepale panaposhikwa na protini C, ndiyo maana kimelea huivuruga kazi yake ya kulinda mishipa. Kwa hiyo plasma nzima inaweza kuonyesha kizuizi kikubwa ambacho hakina uhusiano wowote na kingamwili za mtoto: protini C yake imekalia kipokezi, au EPCR yake inayoelea imekinyakua kipande cha kimelea kabla hakijafika kwenye sahani. Mwandishi wa makala akikosa kuliona hilo, mhakiki ataliona.

Dawa yake ni kusafisha IgG kutoka katika kila plasma kwa protini G, ambayo hunasa IgG, kubadilisha bafa, na kutumia IgG hiyo kwa kiasi kinacholingana kwa watoto wote. Kazi hiyo inachosha na hula sampuli, hasa za watoto wadogo ambao damu yao ilichukuliwa kidogo. Ikiwa plasma haitoshi kwa wote, afadhali upime watoto wachache kwa njia hii kuliko wengi kwa njia ile.

Kuhusu visima vya udhibiti, ongeza kisima kisicho na EPCR, chenye albumini tu. Kisima chenye kipande cha PfEMP1 kinachonata kwenye CD36, kipokezi kingine cha binadamu, badala ya EPCR, ambacho hakipaswi kuonekana. Na IgG ya watu ambao hawajawahi kuishi penye malaria. Kingamwili ya kibiashara inayojulikana kuziba EPCR itakupa kiwango cha juu cha kizuizi cha kulinganishia.

Na siku mtakapoitia protini hii kwenye seli hai, chembe nyeupe za damu kwa mfano, kumbukeni endotoksini za bakteria. Kiasi kidogo mno hutosha kuziamsha seli, nanyi mtadhani kipokezi ndicho kilichofanya hivyo. Chemsheni sehemu ya protini kwa muda. Protini itaharibika, endotoksini itabaki nzima. Seli zikiitikia ile iliyochemshwa sawasawa na ile isiyochemshwa, mmepima uchafu.

SWALI: Habari za kazi? Tuko Nakuru, maabara ndogo ya chuo, na umeme hukatika. Friza letu ni la nyuzi 20 chini ya sifuri. Tuliyeyusha EPCR yote kwa pamoja na kuirudisha kwenye friza katika kichupa kilekile. Je, bado inafaa? Na je, kwa kuwa ni kitu cha uhandisi wa jeni, tulihitaji kibali cha usalama wa viumbe ili kuiagiza?

JIBU: Nianze na la kibali kwa kuwa ni fupi. Sheria ya Usalama wa Viumbe ya mwaka 2009 inahusu viumbe vilivyobadilishwa jeni. Protini iliyosafishwa si kiumbe; haizaliani wala haina jeni ndani yake. Plasmidi na seli zilizopandikizwa ni habari nyingine. Hata hivyo, ofisa wa forodha anayesoma neno "rikombinanti" kwenye ankara ana haki ya kusita, kwa hiyo wekeni ndani ya bahasha barua ya chuo inayoeleza kwamba ni protini iliyosafishwa, kwa utafiti wa maabara tu, isiyo na kiumbe hai.

Sasa friza. Unga mkavu haudhuriki kwa saa chache za umeme kukatika. Husafirishwa mara nyingi bila barafu kavu. Maji ndiyo yanayoleta matatizo. Kila protini inapoganda na kuyeyuka, sehemu yake hugandamana, na kadiri ilivyo nyepesi ndani ya bafa ndivyo inavyopotea zaidi kwa kunata kwenye kuta za kichupa. Ile mliyo nayo izungusheni kwenye sentrifuji kwa kasi, mkitazama kama kuna kitu kilichokaa chini, kisha mpime upya uwezo wake wa kunata mkilinganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye cheti.

Kichupa kijacho kizungusheni kidogo kabla ya kukifungua, kwa kuwa unga mara nyingi hupanda kwenye kifuniko na hauonekani kwa macho. Ongezeni mikrolita 250 za PBS safi kwa mikrogramu 50, mpate mikrogramu 200 kwa mililita, kama karatasi ya bidhaa haisemi vingine. Geuzeni taratibu, msitikise kwa mashine hadi povu litoke. Gaweni mikrolita 10 kwa kila neli ndogo zisizonatwa na protini, mtapata neli 25 zenye mikrogramu 2 kila moja, na kila neli iyeyushwe mara moja tu. Albumini ya asilimia 0.1 huilinda protini, ila msiiweke kama mnakusudia kuiunganisha na bayotini au kuipima kwa jeli, kwa sababu albumini itakuwa nyingi kuliko kipokezi chenyewe.

Angalieni pia aina ya friza. Yale yanayojiyeyushia barafu yenyewe hupandisha joto kila mara ili barafu isijijenge, na kwa protini hiyo ni hasara ya kila siku, umeme uwepo usiwepo. Bora friza la kifuniko cha juu, lililojazwa pakiti za barafu na lisilofunguliwa ovyo. Na kwa wikendi ambazo hakuna mtu, gandisheni maji ndani ya kikombe, mweke sarafu ya shilingi kumi juu ya barafu. Mkirudi Jumatatu na kuikuta sarafu imezama, neli zenu ziliyeyuka, hata kama kipimajoto sasa kinasoma 20 chini ya sifuri.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya upili, Kakamega. Darasani mwanafunzi aliniuliza: ikiwa kimelea hunata kwenye kipokezi hicho, kwa nini mgonjwa asidungwe sindano ya kipokezi cha maabara, ili kimelea kinate kwenye hicho na kuiacha mishipa? Nilikosa la kumjibu.

JIBU: Mpongeze, kwa sababu dawa za namna hiyo zipo. Etanasepti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa wa baridi yabisi, ni kipokezi cha binadamu kilichounganishwa na Fc, na kazi yake ni kuelea katika damu na kuinyakua TNF, protini ya mwili inayochochea uvimbe, kabla haijafika kwenye seli. Wazo la mwanafunzi wako ni lilelile.

Kwa EPCR linakwama mahali pawili. Kipokezi kinachoelea hakingekishika kimelea peke yake. Kingeishika pia protini C ya mgonjwa na kupunguza kazi yake ya kuzuia damu isigande na kulinda mishipa, kazi ambayo katika malaria kali tayari imevurugwa. Pili, P. falciparum ina takriban jeni 60 za kutengeneza aina mbalimbali za PfEMP1, na aina nyingi hunata kwenye CD36 au penginepo. Ukiziba mlango mmoja, mingine iko wazi.

Kichupa cha maabara chenyewe, kilichoandikwa "kwa utafiti tu", hakijapimwa kwa ajili ya kuingizwa mwilini mwa mtu, hata kikiwa safi kiasi gani. Malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesuneti hospitalini, na mwanafunzi anaweza kuambiwa hivyo bila kumvunja moyo.

SWALI: Tuna EPCR ambayo tarehe yake imepita miezi saba. Haijafunguliwa, imekaa kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri. Tuitupe? Mtafiti, Kisumu.

JIBU: Msiitupe, wala msiitumie katika data mtakayoichapisha kabla ya kuipima. Tarehe hiyo ni ahadi ya mtengenezaji. Baada yake mzigo wa kuthibitisha ni wenu. Fungueni, gaweni, kisha pimeni kunata kwa protini C, katika bafa yenye kalsiamu, kando ya bechi mpya kwa viwango sita au saba vya mkusanyiko. Mistari miwili ikilingana, andikeni namba za bechi zote mbili kwenye daftari na muendelee. Ule wa zamani ukihitaji protini mara mbili ili kufikia nusu ya kilele, kiwekeni kichupa hicho kwa ajili ya wanafunzi wanaojifunza kupitisha protini kwenye jeli.